Nguzo za Chuma za Estate Yetu na Mama Mkwe Aliyekataa Kuingia

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Ninayowaambia nimeyaona kwa macho yangu, na aibu bado ninayo.

Estate yetu iko upande wa Mamboleo. Geti la zamani lilikuwa la mabati. Mlinzi analifungua, anakusalimia, unapita.

Chairman wa kamati yetu akaenda Nairobi, akalala hoteli yenye nguzo za chuma zinazozama ardhini gari likifika na kupanda likishapita. Akarudi kichwa kimevimba.

"Tunataka standard!" akatuambia mkutanoni. Nami, mjinga nambari moja, nikainua mkono kuunga.

Zikawekwa mbili, zinang'aa. Kila nyumba ikapewa remote. Ukibonyeza zinashuka, gari moja linapita, zinapanda. Gari moja tu, eti ndiyo security.

Sasa mama mkwe akaja kutoka kijijini Usenge na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, kumwona mjukuu wake wa kwanza.

Sisi huku mkwe habanani na mama mkwe kwenye gari moja. Ni heshima, hata mtoto wa shule anajua. Kwa hivyo nikampokea stage ya matatu, nikatangulia na gari langu. Yeye akafuata na mke wangu kwenye gari la kukodi.

Nikabonyeza. Nikapita. Gari lao likanifuata, kama wageni wowote wanavyomfuata mwenyeji.

Nguzo zikapanda.

Zikaliinua lile gari kwa tumbo, magurudumu ya mbele hewani, mama ndani anamwita Mungu kwa Dholuo. Nikabonyeza remote mpaka kidole kikauma. Wapi!

Mama ana mguu mbovu, hawezi kuruka. Na mimi siwezi kumshika, ni mama mkwe. Nilisimama pale mikono mitupu, mwanaume mzima! Mke wangu na mama mboga wa getini ndio waliombeba wakamshusha, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

Chairman akafika anatembea polepole. "System imejilock, bwana. Inalinda estate."

Inalinda estate na nani? Na bibi mwenye kikapu cha omena?

Mama akaletewa kreti ya soda, akakaa hapo nje.

"Nyumba yenye imenikataa kwa mlango, mimi siingii," akasema. "Nileteeni mtoto."

Mke wangu akamleta. Mama akambeba vumbini, tuktuk zinapiga honi, akamwombea, akarudi Usenge bila kuonja hata chai. Niliumia, wakuu.

Jioni chairman akaandika kwenye group ya WhatsApp kwamba wageni wafundishwe kutumia geti. Mama mkwe afundishwe! Huyu jamaa amezaliwa hapa hapa, sijui alisahau lini wageni wetu wanaingiaje.

Nilichojifunza: usiige geti la watu kabla hujauliza ni nani watapita kwako.

Wenye kucheka chekeni, lakini mniambie pia: mama mkwe akishakataa kuingia, anarudishwaje? Mtoto ameanza kutembea, na nyanya yake bado hajaona anapolala.