Bampa Haina Hata Mkwaruzo

Mume wangu ananyoosha mabati ya magari, na mtaa mzima unamwita Profesa. Hashiki nyundo kabla hajalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha anamwambia mwenye gari nani kaumia na wapi. Limegongwa mbele: "Dereva kifua, na magoti yamepiga dashibodi." Limegongwa ubavuni: "Aliyekaa upande huu kaumia mbavu na nyonga. Mlango mwembamba huu, utazuia nini?" Limegongwa nyuma: "Shingo hiyo, kaka. Mwili umesukumwa mbele, kichwa kimebaki nyuma." Watu hubaki midomo wazi. Nami nikajisemea, nimeolewa na bingwa, wacha nile raha.

Siku hiyo tulisimama kwenye taa nyekundu, yeye kwenye usukani, mimi pembeni yake nimegeuka kutazama vitambaa dukani. Puu! Pikapu ikatuingia kwa nyuma. Profesa akaruka nje kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaipapasa bampa, akaifuta vumbi, akarudi anacheka.

"Haina hata mkwaruzo, mama watoto. Twende zetu."

"Shingo inauma, baba watoto."

"Umeshtuka tu. Ingekuwa kitu, bampa ingeonyesha."

Mimi ni fundi cherehani. Wiki ya kwanza nilishindwa kugeuza shingo. Ya pili, vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Ya tatu nikamrudishia bibi harusi kitambaa chake, maana sindano ilikuwa inaniponyoka. Miaka kumi na nane ya kushona, naiona inaondoka hivi hivi! Niliogopa, sisemi uongo. Kila nikigusia hospitali, Profesa ananipaka dawa ya kuchua huku akinihubiria habari za bampa.

Mchana mmoja nikampelekea chakula gereji. Nikamkuta anamhoji mteja ambaye gari lake limegongwa nyuma.

"Mkeo alikuwemo? Alikuwa kageuka pembeni? Mungu wangu! Mpeleke hospitali leo hii hii, ukichelewa mikono itakufa ganzi!"

Nikakibwaga kikapu chini. "Na mimi je, Profesa? Yangu shingo ya mbuzi?"

Mteja akatazama viatu vyake. Mume wangu akaonyesha gari letu lililoegeshwa pembeni, akaanza, "Lakini bampa yetu..."

"Ifungue!" Nilipiga kelele mpaka mafundi wakazima mashine.

Akaifungua kwa hasira, ili anikomeshe. Nyuma ya ile plastiki nzuri, chuma kilikuwa kimekunjika. Profesa akakaa chini palepale. Machozi yakamtoka, mkono unakipapasa kile chuma, anasema, "Pole. Pole sana." Hata sikujua hiyo pole ni ya nani.

Hospitali aliingia nami, akanitangulia kuongea. Akamweleza daktari mwendo wa pikapu, chuma kilivyokunjika, upande upi zaidi. Akaomba na karatasi achore. Daktari, binti mdogo tu, alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwomba anyamaze kidogo. Akavuta kiti karibu yangu.

"Mama, wewe unajisikiaje?"

Wiki tatu nzima hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaangua kilio.