Dufu Langu na Ufunguo wa Nasra

Juzi mwanangu alikuwa ameegemea ukuta na simu yake, anatazama sinema ya kale isiyo na rangi. Milio ya bastola ndiyo iliyoniita. Wezi wanataka kuvunja benki, akaniambia, lakini mmoja ni mzungu asiyemwamini mwenzake kwa sababu ni mweusi, basi kazi yote inaharibika. Akacheka. Mimi nikatoka nje, maana wizi wa namna hiyo niliwahi kuufanya mwenyewe, hapahapa Rumonge, ningali msichana wa shule ya msingi.

Sikilizeni. Baba alikuwa amenitengenezea dufu kwa ngozi ya mbuzi aliyoianika mwenyewe, mpaka uani kwetu kukanuka wiki nzima. Madrasa walinichagua kuongoza kaswida ya Maulidi, na asiye na dufu haongozi. Siku moja nikalipiga mbele ya duka la Baba Nasra, tajiri wa mawese na sabuni, mtu wa ukoo wa Kiarabu. Alitoka, akaninyang'anya, akalifungia stoo. Eti kelele za watumwa zinafukuza wateja. Watumwa! Mimi, mjukuu wa mvuvi wa Minago!

Nasra, binti yake, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tukapanga: Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, yeye achukue ufunguo msumarini anipe, abaki mlangoni kuangalia barabara, mimi niingie stoo. Ijumaa ikafika. Ufunguo akauleta, lakini mkono hakuufungua.

"Nipe basi," nikamwambia.

"Hapana, miye ndiye nitaingia. Nyinyi weusi muko na mkono mrefu. Utabeba na sabuni zetu."

"Nasra! Ni miye huyu!"

"Baba ndiye anasema."

Nilimrukia. Tukavutana pale uani, tukatukanana Kiswahili na Kirundi, hadi swala ikaisha bila sisi kujua. Baba Nasra akatukuta vumbini, na Nasra akaninyooshea kidole: huyu mweusi ndiye mwizi. Yule bwana hakunipiga. Alilitoa dufu langu stoo, akalichana ngozi kwa kisu cha kukatia sabuni, polepole, huku ananitazama.

Mwanamke mmoja mzee akatoka jikoni, mweusi kama mimi, akaokota vipande akanipa. "Pole, mwanangu," akasema. Baba Nasra akamfokea aingie ndani haraka, kuna watu.

Maulidi akaongoza mtoto mwingine. Nilikaa nyuma, nimekunja mikono, siimbi.

Yule mama nilidhani ni mpishi wao. Watoto wote wa mtaa tulidhani hivyo. Nimeshakuwa mtu mzima nilikwenda kwenye msiba wake, na hapo mkekani, katikati ya wanawake wanaolia, ndipo niliposikia kwamba ndiye aliyemzaa Baba Nasra. Hasira ilinipanda upya, haijashuka mpaka leo. Aliyemfanya mama yake mpishi, mimi angenifanya nini?