Mama Dakika na Binti wa Fundi Cherehani

Walimwita Mama Dakika kwa sababu ya saa yake ya kupimia, aliyoivaa shingoni kama refa. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka shule hadi shule, akiketi kwenye viti vya watoto huku magoti yakikaribia kidevu, kupima kama wanafunzi wa darasa la pili wanajua kusoma. Kujua kusoma, kwa mujibu wa ofisi, ni maneno arobaini na tano kwa dakika. Arobaini na nne ni kutojua.

Siku hiyo alimkalisha binti wa fundi cherehani, wa miaka minane, ndani ya stoo ya mipira. Akampa kwanza karatasi ya maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, ili ijulikane kwamba mtoto hakukariri.

"Soma, mwanangu. Haraka uwezavyo. Haya!"

"Fopa," mtoto akasema, kisha akasita. "Mwalimu, fopa ni nini?"

"Si kitu. Endelea."

"Kama si kitu, mbona kimeandikwa?"

Saa ikalia. Neno moja. Ikafuata hadithi ya mbuzi aliyeingia dukani. Mtoto aliangua kicheko kwenye sentensi ya pili, akairudia ili acheke vizuri. Maneno kumi na tisa. Mama Dakika akainama kujaza fomu.

"Mtoto hajui kusoma," binti akatamka kutoka upande wa pili wa meza. Alikuwa akiisoma fomu kichwa chini miguu juu. "Mtoto gani huyo, mwalimu?"

Mama Dakika alihisi masikio yakiwaka moto. Akaikata ile sentensi, akaandika: "Anasoma hata maandishi yaliyopinduka." Kesho yake mkuu wake akapiga simu.

"Bibi wee, fomu haina kisanduku cha kupinduka. Mimi nataka namba."

Basi akarudi shuleni, akamfundisha mtoto siri ya kazi: usiulize, usicheke, piga mbio. Binti akatii. Maneno sabini na mbili! Ofisi ilifurahi mno, hata ikamwalika Mama Dakika awaeleze wenzake jinsi mtoto anavyofundishwa kusoma kwa siku mbili.

Lakini siku ile ya maneno sabini na mbili, kabla hawajatoka stoo, alimuuliza, "Mbuzi alifanya nini dukani?"

"Mbuzi gani?" mtoto akasema, akihema.

Mama Dakika akavua saa. Wakaisoma hadithi upya, polepole, wakacheka wote mbuzi alipotafuna kofia ya mwenye duka. Mwenye duka akanyanyua ufagio, na hapo maandishi yakaisha.

"Halafu?"

Mama Dakika akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe. Watoto wangapi walishafika mstari huo mbele yake, na hakuna aliyeuliza, wala yeye mpimaji.

"Sijui, mwanangu. Waliandika ya dakika moja tu."

Mtoto hakuamini. Aliinama chini ya meza, akaanza kutafuta karatasi iliyobaki.