Alama za Rangi Nyeupe

Kwa miezi minane Ebenyo, fundi wa magari wa mtaa wa Kanamkemer, alikuwa akiliunda gari la mbio la dereva Namuar: dogo, jepesi, lenye injini ya turbo. Kila nati aliyoikaza aliitia alama ya rangi nyeupe, ndiyo maana watu walimwamini. Sasa, kwenye lami iliyofungwa kwa mbio nje ya Kakuma, Namuar alikuwa amekwisha vaa helmeti, injini ikinguruma, na Ebenyo akakimbilia dirisha la gari. Juzi rangi ilikuwa ikikaukia koponi kwa joto, akaharakisha kupaka nati za bomba la oili kwanza, akijiambia atazikaza baadaye. Je, alizikaza? Hakukumbuka. Oili ikimwagikia turbo yenye moto, gari lingewaka na Namuar ndani.

"Dada, zima."

"Fundi, yaani leo unaogopa kuliko mimi?"

"Zima. Nilipaka kabla ya kukaza."

Madereva wengine wakacheka, lakini Namuar akazima injini, akashuka. Ebenyo akafungua boneti, akaweka spana. Nati ya kwanza ikazunguka bila kugoma.

Namuar aliiona. Akavua helmeti, akaketi kwenye changarawe ya kando ya lami, karibu naye.

"Zote, fundi," akasema taratibu. "Hata zile unazokumbuka kwamba ulizikaza."