Siku Sita za Sifuri

Baba yangu alifanya kazi ya redio miaka thelathini na moja, na kazini walimwita Mzee Rudia. Neno moja tu likimponyoka kutoka meli ya mbali, alibonyeza kitufe na kusema, "Rudia." Nusu ya neno ikikwaruza, rudia. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mama akimwomba chumvi mezani, jibu lilikuwa "rudia." Mama aliapa kwamba hata siku alipokubali kuolewa alitakiwa akubali mara mbili.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya tatu: redio mbili za kijivu, kiti chenye gurudumu moja bovu, dirisha lililozibwa kwa mkanda wa gundi, na daftari kubwa. Kila mawasiliano yalipewa alama ya usikivu katika daftari hilo. Tano ni sauti safi, kama mtu mmekaa naye meza moja. Moja ni makelele matupu, na sifuri ni kimya. Wenzake walizigawa tano ovyo ovyo, lakini baba alikuwa bahili nazo kupita kiasi. Siku moja nilimuuliza chakula nilichopika kikoje, akafikiri, akasema, "Nne." Nilitamani kummwagia mchuzi.

Katika watu wote aliokuwa akiwaita redioni, mmoja alikuwa damu yake. Baba mdogo, kitindamimba wa bibi, alikuwa mpishi katika kituo cha watafiti karibu na ncha ya kusini ya dunia. Alikwenda kwa mwaka mmoja, akaupenda ule ubaridi sijui kwa lipi, akaongeza wa pili. Bibi alimkataza, hakusikia. Mwaka huo wa pili babu akafariki. Majira ya baridi meli hazifiki kule wala ndege hazitui, kwa hiyo kitindamimba hakumzika baba yake.

Bibi alijua vizuri kwamba mwanawe hakuwa na namna ya kuja. Lakini alikuwa amemkataza, na bibi alikuwa na kichwa kigumu ambacho wote tumerithi. Familia za watu wa kituoni ziliruhusiwa kuja chumba cha redio kuongea nao kila Alhamisi saa nne asubuhi, dakika kumi. Miezi mitano bibi hakukanyaga pale.

"Mwambie sipo," alimwambia baba.

"Mama, umekaa hapa mbele yangu."

"Ndiyo umwambie hivyo hivyo."

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Daktari alituita nje ya mlango akatuambia tusiwaze miezi, tuwaze wiki. Jumatano moja bibi aliniita nimfunge viatu ajaribu kutembea, na nikiwa nimeinama akasema, "Kesho nipeleke huko kwa baba yako. Nataka nimwambie mwanangu kwamba yameisha."

Nilimwambia ngazi ni nyingi, baba angeweza kuufikisha ujumbe. Alinikata jicho.

"Nani alinuna? Baba yako? Basi nitasema mwenyewe."

Jengo lile halina lifti. Ngazi arobaini na nane tulizipanda kwa muda wa kupika maharage, tukipumzika kila kona, yeye akiwatania vijana waliotupita mbio kwamba kazi yenyewe haikimbii. Juu, baba alikuwa amempangusia kiti kile kibovu na kukiegemeza ukutani kisiserereke. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni mwake.

Mezani kulikuwa na karatasi ya onyo iliyotumwa na watu wanaolichunguza jua. Alfajiri kulikuwa na mlipuko mkubwa juani. Baba hakushtuka. Sauti ya redio, alikuwa amenieleza tangu utotoni, hupanda juu sana mpaka hewa nyembamba, hudunda pale na kurudi chini kama mpira. Jua likichafuka, hewa ile ya juu nayo huchafuka, na sauti humezwa njiani. Upande wenye mchana hali hiyo huchukua saa moja hivi, kisha anga hujisafisha. Alikuwa ameyaona hayo mara mia.

Saa nne kamili akaita, na baba mdogo akaitika.

"Kaka, nakusikia! Leo nimeoka mikate thelathini, na wote wamelalamika chumvi."

Nyuma ya maneno yake kulikuwa na mchakacho, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Bibi aliposikia ile sauti alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakampita katikati ya vidole. Kisha akanyoosha mkono aombe kipaza sauti.

Baba aliinua kidole: ngoja.

"Nne," alininong'oneza. "Tena nne pungufu."

"Baba, si anasikika? Mpe bibi aongee."

"Miezi mitano hajamsikia mwanawe, halafu amsikie kwenye mikwaruzo? Jua litatulia sasa hivi. Saa tano itakuwa tano safi." Akabonyeza kitufe. "Mdogo wangu, kuna mtu nimekuletea. Nitakuita tena saa tano."

"Nani?"

"Subiri. Utamsikia mwenyewe."

Bibi hakubisha. Mambo ya redio alimwachia mwanawe mkubwa, ndiye aliyeyajua. Nilikasirika, lakini nilinyamaza, na hilo sijajisamehe. Tulikaa tukinywa chai ya chupa. Bibi alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake kwa midomo, bila sauti.

Saa tano baba akaita. Kimya. Akabadili masafa, akaita tena. Kimya. Akaita meli tatu zilizokuwa upande wetu wa dunia, zote zikaitika tano safi, kama alivyosema. Ncha ya kusini peke yake ilikuwa imefungwa. Ndipo alipoisoma ile karatasi ya onyo mpaka mstari wa mwisho, nikaona mkono wake ukiishusha mezani polepole.

Kulikuwa na mvua ya chembechembe iliyofuata nyuma ya mlipuko. Dunia ina nguvu ya sumaku inayoikinga mvua hiyo na kuisukuma kwenye ncha zake mbili, kama bati linavyosukuma maji ya mvua pembeni mwa nyumba. Sisi wa katikati tunabaki wakavu, na wa pembeni wanapokea yote. Chembe hizo zikiingia katika hewa ya juu ya kule, huigeuza ikawa kitu kinachonyonya kila sauti ya redio, na hazina habari na saa moja. Zinaweza kukaa siku nyingi. Baba alikuwa bingwa wa njia za meli; kituo kile alikuwa nacho kwa mwaka wa pili tu, na dhoruba kama ile ilikuwa haijawahi kumkuta nacho. Ile nne pungufu ilikuwa mlango unaofungwa, naye alidhani unafunguka. Simu ya setilaiti ya kituoni ilikuwa imekufa tangu zamani, kipuri kikingojea meli ya kiangazi.

Tulimrudisha bibi nyumbani. Ijumaa baba aliita kila saa na kuandika sifuri. Jumamosi sifuri. Jioni alikuja kukaa kitandani pa mama yake, na bibi alimuuliza, "Jua limepona?"

"Bado, mama. Niambie mimi unachotaka kusema, likipona tu nitamwambia."

"Nitasema mwenyewe," bibi alisema, kisha akampapasa mkono, kwa sababu aliona anavyoumia.

Alifariki Jumapili mchana, jua likiwaka dirishani kama halijafanya kitu. Nilikimbia nikapanda zile ngazi arobaini na nane. Baba aliponiona mlangoni hakusema rudia. Aliimalizia sifuri aliyokuwa anaiandika, akafunika kalamu.

Tulizika Jumatatu. Jumatano baba alirudi kazini, nami nikaenda naye kwa sababu sikutaka awe peke yake. Saa nne akaita, na sauti ikaja safi mno hata nikageuka kutazama nyuma yangu.

"Kaka! Siku sita! Usiku huku anga lote lilikuwa kijani na zambarau, linapepea kama mapazia. Sote tulitoka nje, tukapiga makofi kama watoto." Alicheka, nasi tulisikia hata pumzi yake. "Haya, niambie. Nimekisia mpaka nimechoka. Yule mtu uliyeniletea alikuwa nani?"

Baba alibonyeza kitufe.

"Alikuwa mama."

"Mama? Mama alikuja? Mpe basi, mpe!"

"Alikuja kukwambia kwamba yameisha, hana kinyongo na wewe. Ulikuwa unasikika, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyesema asubiri. Mama amefariki Jumapili. Tumemzika juzi."

Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja wa kumsaidia baba mdogo. Alikuwa amesikia kila neno.

"Rudia," alisema.

Na baba akarudia, yote, kwa utaratibu ule ule.

Baba aliishi miaka tisa baada ya hapo, na lile neno halikumtoka tena mdomoni. Mama akimwomba chumvi mezani naye asisikie vizuri, aliitika tu kwa kichwa na kumpa chochote kilichokuwa karibu.