Kombe la Mtihani

Jana mjukuu wangu alipofungua chupa ya marashi ya mawaridi, nilihisi zafarani ulimini.

Baba alikuwa ameapa: nisipopita mtihani, ndio mwisho wa shule. Asubuhi ya mtihani mama akanipa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa marashi.

"Nywa yote."

Nikanywa, nikairamba na sahani.

"Paka wee!" dada yangu Mwanaisha akacheka. "Hayo maua ya sahani hayatoki!"

Nikaingia darasani midomo ya manjano, na wallahi hesabu zilinijia mbio! Siku ya matokeo nilitajwa wa kwanza. Nikakimbia hadi nyumbani, ndara mkononi.

"Baba, ni mimi!"

Akaitazama sare yangu, akamwita mama.

"Hii imeshamfupia. Mshonee nyingine."