Mafuta ya Goti Langu

Naandika haya uso bado unawaka, na sijui kama nakumbuka yote sawasawa, ila sehemu ya shuka naikumbuka vizuri mno.

Mimi ni fundi wa magari hapa Buyenzi. Goti la kulia lilinitesa miaka, msikitini naswali kwenye kiti, kuingia chini ya gari ndiyo usiseme, na muganga wa kwanza akasema ni kupasuliwa tu. Nikaogopa. Kliniki moja ya Gihosha wakaniambia kuna sindano ya ndani ya goti lenyewe, inaweza kutuliza bila kisu (walisema inaweza, hawakuahidi, lazima niseme ukweli). Nikamshawishi hata mama mkwe, naye magoti yanamuuma, tukaenda pamoja, akabaki barazani na wagonjwa wengine akingoja zamu.

Ndani nikavua suruali, maana ilikuwa ya kubana, wakanipa shuka. Daktari akasema, "Mzee, angalia ukutani, kwanza natoa maji ya goti." Mimi nikachungulia, na hapo ndipo nilipoharibu. Bomba la sindano likajaa kitu cha njano, kama mafuta ya injini. Akageukia meza, akanipa mgongo, akarudi na bomba, na ndani nikaona tena kama njano!

Mambo hayo nayajua (gari moja, mara moja tu, nilimwaga mafuta ya zamani nikayarudisha mulemule badala ya mapya, na mwenye gari akanishukuru), basi nikaruka kutoka kitandani, nikafungua mlango, nikapiga kelele, "Tokeni wote! Wanakurudishia maji yako mwenyewe!" Shuka likanasa kwenye kitasa, nikabaki na chupi.

Mbele yangu, mama mkwe. Akajifunika uso na kitenge. "Baba Zuhura, jifunike kwanza, halafu utatuelezea." Mutu mmoja akacheka mpaka akakohoa.

Daktari akanifuata bila hasira, mkononi ana kichupa: maji yangu yote yalikuwemo, ya kwenye bomba ilikuwa dawa. Nikarudi, nikachomwa.

Leo nasujudu chini (labda ni sindano, labda ni kule kupumzika, siwezi kuapa). Lakini mama mkwe aliondoka siku ileile bila kuchomwa. Nimemwomba mara tatu arudi. "Apana," anasema, "we fundi umekimbia uchi, mi mzee nitakimbiaje?" (Sikuwa uchi, lakini sibishani.)

Siku hizi nikimwaga mafuta, namwita mwenye gari asimame aone. Na kila Ijumaa mama mkwe anapokuja kwetu, anashika ukuta pale mlangoni, anaguna, anapumzika, anapanda ngazi moja. Mimi nainama kama natafuta kiatu.